"Shetani alinipitia": Mkristo anaruhusiwa kujitetea hivi?

#1 Mwanakwaya wa Uyole (mleta uzi)
Wakuu, salaam. Nina jambo limenikaa kooni tangu Jumapili. Naomba tulijadili kwa Neno, tusitukanane.

Kwaya yetu tulianza kuchanga hela ya kinanda mwezi wa pili. Wengine ni mama ntilie, wengine bodaboda. Kuna bibi mmoja wa sauti ya kwanza alikuwa analeta elfu mbili mbili, anazifungua kwenye pindo la khanga. Ikafika 1,850,000. Hela ilikaa kwenye laini ya simu ya mweka hazina. Ijumaa tukasema kesho tukalipie kinanda, hela hakuna. Hakuna hata mia.

Jumapili baada ya ibada akasimama mbele yetu, machozi yanamtoka, akasema, "Wapendwa, naombeni mnisamehe, shetani alinipitia." Nusu ya kwaya wakaanza kulia. Mwenyekiti akasema tumeshasamehe, tukaomba, tukaimba pambio, tukatawanyika. Mimi nikauliza hela iko wapi, nikaambiwa nina roho ya kisasi.

Swali langu: shetani ndiye aliyebonyeza namba ya siri? Na kama ni yeye, huyu ndugu yetu ametubu nini? Mimi naona mtu anayesema "shetani alinipitia" hajaungama, ameshtaki mtu mwingine.

#2 Kapteni wa Busokelo
Nimevuta kigoda, nasubiri wenye Biblia zao.

#3 MamaNeema
Pole sana kaka. Hiyo ya bibi na pindo la khanga imeniuma kuliko yote.

Lakini hii tabia haikuanzia kwenye kwaya yenu. Mwanzo 3. Adamu anaulizwa, anajibu "huyo mwanamke uliyenipa." Yaani anamgusa mke na Mungu kwa pamoja. Hawa naye anasema nyoka alinidanganya. Na tuangalie kitu kimoja: Mungu hakusema basi kwa kuwa ni nyoka, ninyi wawili mko huru. Nyoka alipewa adhabu yake, mwanamke yake, mwanamume yake. Kila mtu na fungu lake.

#4 Mlinzi wa Lango
Mleta uzi, usiudharau ulimwengu wa roho. Mathayo anaandika wazi kwamba Shetani alimwingia Yuda. Alimwingia! Sasa mtu akishaingiwa, anachagua nini tena?

Mmeshawahi kuuliza baba yake huyo ndugu alikuwa mtu wa namna gani? Na babu yake? Kutoka 20:5 inasema Mungu anapatiliza maovu ya baba hata kizazi cha tatu na cha nne. Kuna watu wanasukumwa na maagano ya ukoo wasiyoyajua. Huyo anahitaji maombi ya kufunguliwa, siyo kikao cha hesabu.

#5 Mwana wa Torati
Mlinzi wa Lango, kwa upendo, nikurekebishe. Hiyo habari haiko Mathayo. Iko Luka 22:3 na Yohana 13:27, baada ya lile tonge. Mathayo yeye anasema Yuda aliwaendea wakuu wa makuhani akawauliza mtanipa nini.

Na ukirudi nyuma sura moja tu, Yohana 12:6, utakuta Yuda ndiye aliyeshika mfuko, na alikuwa mwizi, anachukua vilivyotiwa humo. Sura ya 12 inatangulia ya 13. Alikuwa anadokoa muda mrefu kabla Shetani hajaingia. Mlango aliuacha wazi mwenyewe, mgeni akaja kukuta uko wazi.

Kuhusu maagano ya ukoo, Ezekieli 18 yote imeandikwa kwa ajili ya watu waliokuwa wanasema baba zetu wamekula zabibu kali, meno yetu yametiwa ganzi. Mungu akawakataza kuitumia tena mithali hiyo. "Roho itendayo dhambi, ndiyo itakayokufa."

#6 Kapteni wa Busokelo
Kumbe Yuda naye alikuwa mweka hazina! Sikuwahi kuliona hilo.

#7 Mlinzi wa Lango
Mwana wa Torati, asante kwa marekebisho, nilichanganya. Ila hujajibu hoja. Ezekieli anazungumzia hatia, mimi nazungumzia msukumo. Mtoto wa mlevi hana hatia ya pombe ya baba yake, sawa. Lakini mwambie mtoto huyo kwamba yeye na mtoto wa jirani wanapigana vita moja, uone kama atakukubalia.

#8 Karani Mstaafu
Habari zenu. Nimekaa mahakama ya mwanzo miaka mingi. Maneno haya nimeyaandika kwenye majalada mpaka mkono umezoea. Mshtakiwa akishatiwa hatiani, anaulizwa kama ana la kusema kabla ya adhabu, anajibu, "Naomba mahakama inihurumie, shetani alinipitia, nina watoto wadogo."

Hakimu anaandika, wala hakatai. Lakini haiondoi hatia. Sheria inatambua mtu mwenye ugonjwa wa akili, ambaye hakujua anachokifanya au hakujua kuwa ni kosa. Inamtambua pia aliyelazimishwa kwa kutishiwa kuuawa. Shetani hayumo. Nilichojifunza ni kwamba mtu akishasema shetani alinipitia, amekubali tayari kuwa mkono ulikuwa wake. Anachoomba ni huruma. Kwa hiyo mleta uzi, mimi siyaoni hayo maneno kuwa ni uongo mtupu. Ndiyo Kiswahili alichofundishwa cha kuomba msamaha. Baba yake aliomba hivyo hivyo.

#9 Mwanakwaya wa Uyole
Mzee Karani, shikamoo. Hapo umenipunguzia hasira kidogo. Lakini mahakamani baada ya hayo maneno inafuata adhabu na fidia. Kwetu limefuata pambio.

#10 Binti Sayuni
Naombeni tusome Matendo 5 taratibu, maana ni habari ya hela za kanisa kama hii. Mstari wa 3 Petro anamuuliza Anania kwa nini Shetani amekujaza moyo. Mstari wa 4, mtu huyo huyo, kikao hicho hicho, anamuuliza kwa nini *umeweka* neno hili moyoni mwako. Mistari miwili inafuatana. Shetani amejaza, na wewe umeweka. Petro hakuona shida kuyasema yote mawili.

Ndiyo maana nashindwa kuchagua upande kwenye uzi huu. Mlinzi wa Lango anasoma mstari wa 3, mleta uzi anasoma wa 4.

#11 Mswahili wa Chumbageni
Samahani jamani, mimi ni Muislamu, nasoma tu nyuzi zenu. Hata kwetu neno hili linatumika sana, na nimekumbuka Sura Ibrahim aya ya 22. Siku ya hukumu Shetani mwenyewe atawaambia waliomfuata: sikuwa na mamlaka juu yenu, niliwaita tu mkaniitikia, basi msinilaumu mimi, jilaumuni wenyewe. Nimeona niiweke hapa, inafanana na mnayoyasema. Endeleeni.

#12 Mwana wa Torati
Ahsante sana jirani. Inakaa pamoja na Yakobo 1:14, kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe, huku akivutwa na kudanganywa. Yakobo amezungumzia jaribu mstari mzima na shetani hajamtaja.

#13 Mjukuu wa Luther
Nyote mnazungumza kana kwamba utashi wa mwanadamu ni mzima. Mleta uzi anataja mambo yanayofanana na usharika wetu wa Kilutheri, basi akumbuke baba yetu wa imani, Martin Luther, alifundisha nini. Mwaka 1524 msomi Erasmus aliandika kutetea utashi huru, Luther akamjibu 1525 kwamba utashi wa mwanadamu ni kama mnyama wa kupandwa. Akipandwa na Mungu anakwenda anakotaka Mungu, akipandwa na Shetani anakwenda anakotaka Shetani, na mnyama hachagui mpandaji. Ongeza Warumi 7, Paulo anasema lile nisilolipenda ndilo nilitendalo. Huyo ndugu amesema ukweli wa Warumi 7 kwa lugha ya mtaani.

#14 Mwalimu wa Kipaimara
Mjukuu wa Luther, umeeleza vizuri ila umekata katikati. Luther alikuwa anazungumzia wokovu, kwamba mtu hawezi kumgeukia Mungu kwa nguvu zake. Katika mambo yaliyo chini yetu, kama mali, kazi na nyumba, hakumnyima mtu uamuzi. Ungamo la Augsburg la 1530, tamko letu la imani Walutheri, kifungu cha 18, linasema mwanadamu ana uhuru wa kiasi fulani katika haki ya kiraia na katika mambo ambayo akili inayafikia. Kuacha hela ya kinanda ikae pale ilipo ni jambo la namna hiyo. Wasiomjua Kristo kabisa wanatunza hela za watu kila siku hawaibi.

Warumi 7 nayo uisome mpaka 7:24, "Ole wangu, maskini mimi!" Paulo hajasema ole wake shetani.

#15 Mjukuu wa Luther
Mwalimu, nakubali kuhusu kifungu cha 18. Lakini kifungu hicho hicho kinaendelea kusema kwamba bila Roho Mtakatifu mtu hawezi kumcha Mungu wala kumwamini. Wizi unaanzia huko, kwenye kutomcha Mungu, mkono unafuata baadaye. Kwa hiyo bado tuko palepale.

#16 Mkulima wa Kibaigwa
Mimi sijasoma sana. Biblia inasema Mungu humsaidia anayejisaidia. Huyo hakujisaidia.

#17 Binti Sayuni
Mkuu, huo mstari haumo kwenye Biblia. Ni msemo wa watu tu. Watu wengi wanaukosea, usijisikie vibaya.

#18 Mkulima wa Kibaigwa
Kweli? Nimeutumia miaka yote mpaka kwenye mazishi. Asante dada.

#19 Mama wa Watatu
Naomba kuuliza tofauti kidogo. Kijana wangu ana miaka 22, anabeti. Alianza na mia tano za mikeka, sasa ameuza simu mbili, kitanda chake, na mwezi uliopita mtungi wangu wa gesi. Kila mara analia kwelikweli. Anapiga magoti anasema mama sijui kitu gani kinaniingia. Mimi ni Mkatoliki, kila misa tunajipiga kifua tunasema nimekosa mimi. Namwambia sema hivyo, anasema anasema. Kesho yake ameenda tena.

Sasa huyu anachagua au hachagui? Mimi ni mama yake na sijui.

#20 Frateri wa Zamani
Pole mama. Katekisimu ya Kanisa letu namba 1735 inagusa hapo. Inasema kuwajibika kwa tendo kunaweza kupungua, na hata kuondolewa, kwa sababu ya ujinga, kulazimishwa, hofu, mazoea na mambo mengine ya nafsi. Kwa hiyo Kanisa halimpimi kijana wako leo kwa mizani ileile ya siku alipobeti mkeka wa kwanza. Siku ile alikuwa huru kuliko alivyo leo. Ila halisemi kuwa uhuru wake umekwisha.

Ikusaidie pia Sira 15, kwamba Mungu alimwumba mtu akamwachia shauri lake, akamwekea moto na maji anyooshe mkono anakotaka. Wenzetu wa madhehebu mengine kitabu hiki hamna kwenye Biblia zenu, niwieni radhi.

#21 Dada wa Temeke
Mama wa Watatu, nikusimulie la mdogo wangu. Alikuwa anatumia unga. Tulimpeleka kwenye maombi, alianguka, akainuka, baada ya wiki akaiba feni. Baadaye akaenda kliniki ya methadone ya Muhimbili, dawa ya kumsaidia mtu aache unga, ile iliyoanza 2011. Wakati ule walikuwa hawakupi dawa ukaondoke nayo. Unasimama dirishani, nesi anakumiminia kwenye kikombe kidogo, unakunywa anakuona, unasema neno ahakikishe umemeza. Kila siku, na Krismasi.

Wakatufundisha kuwa ni ugonjwa, ubongo umeshabadilika, tusimwite mwizi. Nikakubali. Lakini saa kumi na moja alfajiri, mvua inanyesha, aliyekuwa anavaa viatu kwenda kupanga foleni ni yeye. Sisi tulikuwa tumelala. Alikuwa mgonjwa na alikuwa anachagua, yote mawili, asubuhi ileile. Sijui kueleza kitheolojia. Nilikuwa nasikia mlango ukifungwa.

#22 Mama wa Watatu
Mungu akubariki dada. Nimelia.

#23 Hisa Kumi
Mimi nitamkera mleta uzi. Nipo kwenye kikoba mwaka wa nane. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti, hakuna hata mmoja aliye kiongozi. Hela inahesabiwa chini, kwenye mkeka, kila mtu anaona. Hatufanyi hivyo kwa kuwa sisi ni wezi. Ni kwa kuwa tunajuana sisi ni watu.

Ninyi 1,850,000 mliiweka kwenye simu ya mtu mmoja anayeamka nayo na kulala nayo, mtoto akiumwa anayo, kodi ikidaiwa anayo. Nani aliamua hivyo? Mtu anaomba "usitutie majaribuni" asubuhi, mchana anamtia mwenzake.

#24 Mwanakwaya wa Uyole
Hisa Kumi, hujanikera, umenichoma. Sanduku tulikuwa nalo. La chuma, la bluu, kufuli tatu, alilichomelea fundi wa hapahapa. Mwaka jana tukaona usumbufu, maana mwenye ufunguo mmoja alihamia Tunduma, kila tukitaka kufungua tunasubiri. Kwenye kikao mimi ndiye niliyetoa wazo hela zikae kwenye simu. Liko kwenye muhtasari, na sahihi yangu. Sikuliandika kwenye post ya kwanza na nilipaswa kuliandika.

Lakini je, hilo linapunguza lake? Nauliza kwa nia njema.

#25 Kapteni wa Busokelo
Hapunguziwi. Nawe umeongezwa. Hatia hazigawanywi kama ugali, kila mmoja anabaki na sahani nzima.

#26 Mwana wa Torati
Kuna habari moja nadhani inaufaa uzi huu wote. Daudi kuhesabu watu. 2 Samweli 24:1 inasema hasira ya Bwana iliwaka, akamtia Daudi nia ya kuhesabu. 1 Nyakati 21:1, tukio lilelile, inasema Shetani alisimama akamshawishi Daudi. Basi Daudi alikuwa na watetezi wawili tayari kwenye Maandiko, mmoja mbinguni, mmoja kuzimu. Angeweza kumtaja yeyote. Anasema nini? "Mimi ndimi niliyekosa," na anauliza kondoo hawa wametenda nini. Simuoni Shetani kwenye ungamo lake.

#27 Mlinzi wa Lango
Hiyo ni nzuri sana, naipeleka kwenye fundisho la Jumatano. Ila ona, Biblia ndiyo iliyomtaja Shetani hapo, siyo mimi. Anayeandika anaruhusiwa kumtaja, anayetubu asimtaje? Basi kumbe tatizo si ukweli wa maneno, ni nani anayeyasema.

#28 Binti Sayuni
Mlinzi, hapo umesema kitu. Nitakaa nacho.

#29 Mwalimu wa Kipaimara
Na Farao je? Wengi wanasema Mungu alimfanya mgumu tangu mwanzo. Fuatilieni mapigo yale. Mungu alitangulia kusema atafanya hivyo, Kutoka 4:21. Lakini kwenye vyura na nzi ni Farao anaufanya moyo wake mzito, 8:15 na 8:32. Kauli kwamba Bwana aliufanya mgumu moyo wa Farao inakuja pigo la sita, la majipu, 9:12. Mnaosimamia Warumi 9, kwamba Mungu ni mfinyanzi na sisi ni udongo, naomba mlieleze hilo.

#30 Mjukuu wa Luther
4:21 ndiyo maelezo yenyewe. Ilisemwa kabla ya pigo lolote. Tufungue uzi mwingine, huu utatumeza.

#31 Mwanafunzi wa Nakuru
Huku kwetu Kenya tunasema tu "ni shetani" na maneno yanaisha. Niulize, huyo jamaa atarudisha pesa ama? Zakayo alisema mara nne.

#32 Hisa Kumi
Mara nne alijitolea mwenyewe. Hesabu 5:7 inasema aungame, arudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano. Kwa 1,850,000 sehemu ya tano ni 370,000. Jumla 2,220,000. Kwa kikoba tungempangia marejesho ya kila wiki na tungeandika kwenye daftari.

#33 Mwanakwaya wa Uyole
Wakuu, mrejesho. Jana saa mbili usiku alikuja kwangu na mkewe. Tulikaa muda bila mtu kuongea, mke wangu akaleta chai, haikunywewa.

Safari hii hakumtaja shetani. Alisema mwezi wa nne alitoa elfu hamsini, mtoto alikuwa amelazwa, na akairudisha. Mwezi wa tano akatoa laki, akarudisha sabini. Wa sita hakurudisha. Akatoa kitabu kidogo cha daftari, ameandika kila mara aliyotoa, na tarehe. Ameandika yote kwa kalamu, hadi ile ya elfu tatu ya vocha. Mkewe alikuwa hajui mpaka Jumapili ile, alisikia pamoja nasi kanisani.

Ameleta 200,000. Nami nikamwambia habari ya sanduku, kwamba wazo lilikuwa langu. Akasema anakumbuka.

#34 Mlinzi wa Lango
Bwana asifiwe. Bado nasema aombewe. Mtu anayeandika wizi wake kwenye daftari na hawezi kuacha, huyo kuna kitu kinamshika.

#35 Mwana wa Torati
Mimi naona kinyume. Mtu anayeandika tarehe alijua kila mara anafanya nini.

#36 Karani Mstaafu
Hilo daftari mlitunze vizuri. Asiliandike upya.

#37 Mwanakwaya wa Uyole
Kuna moja limebaki. Wakati anatoka aliniuliza kama Alhamisi aje mazoezini au akae pembeni. Mzee wa kanisa anasema asiimbe mpaka arudishwe kundini mbele ya usharika. Mwenyekiti anasema tulishasamehe Jumapili, tusimhukumu mara mbili. Mimi nilimwambia nitamjibu.

#38 MamaNeema
Yeye ni sauti ya ngapi?

#39 Mwanakwaya wa Uyole
Ya nne. Tuko watatu, pamoja naye.